Panya Mpole Aliyeniuma Kwapani

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kutangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nilikata mauno mbele ya wageni wa maabara, imenilazimu kuwaeleza ninyi wafuasi wangu ni nini kilichonichezesha.

Nilikuwa nimetakiwa kuwaeleza wageni, wazee wa heshima kutoka pande zote za Nairobi, kwa nini tunafuga panya waliozimwa jeni ya kipokezi alfa cha estrojeni, yaani protini ambayo kwayo seli hupokea ujumbe wa homoni hiyo ya uzazi. Nilianza vizuri. Niliwaambia kwamba panya wa kwanza wa aina hiyo walitangazwa Marekani mwaka 1993, na kwamba wengi walidhani kiumbe asiye na kipokezi hicho angefia tumboni, kumbe walizaliwa wazima ila tasa, majike kwa madume. Kisha nikamtoa dume mmoja kizimbani, nikamweka kiganjani, na kutamka kwa sauti ya kiprofesa kwamba kukosa kipokezi alfa humpunguzia dume ukali.

Hapo akazama katika mkono wa koti langu, ambalo ni la mtumba wa Gikomba na lilishonewa mtu mnene kuniliko. Kwanza nilihisi vikucha kwenye kifundo, halafu masharubu kwenye kiwiko, nami wakati huo nilikuwa nimefikia jinsi ovari za majike wa aina hiyo zinavyojaa vivimbe vyenye damu, maelezo ambayo hayafai kabisa kutolewa kwa kicheko. Nilicheka. Mama mmoja mwenye kitenge akaacha kuandika. Panya akafika kwapani, nikambana, bega likapanda, kiuno kikafuata (hayo ndiyo mauno yenyewe), huku mkono wa pili ukiendelea kuonyesha mchoro ukutani.

“Kijana,” mzee mmoja akauliza, “huyo mpole wako yuko wapi?”

Akaniuma.

Kwa haki ya sayansi niseme kwamba ukali unaopimwa ni wa dume dhidi ya dume mgeni aliyeletwa kizimbani mwake. Kwapa la mtafiti halimo katika majaribio hayo. Yowe langu lilisikika hadi getini.

Basi, koti likavuliwa, panya akakamatwa akiwa mzima, nikaoshwa kwa sabuni, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikajaza fomu. Yule mzee alisubiri nifungwe bandeji, akaniinamia na kuniuliza kwa upole kama wale ambao kipokezi chao hakijazimwa huwa tunawashika kwa koleo.