Wa Muda Tu

Jamani kuna mtu kaniachia boksi mlangoni alfajiri hii. Boksi la tivii, limetobolewa matundu kwa kalamu, juu limefungwa kwa kamba ya kiatu, na karatasi imebandikwa: ANAITWA PRINSI. NI DUME. HANA USUMBUFU. Jina la aliyeleta hakuna, salamu hakuna, hata pole na majukumu hakuna.

Nikafungua. Prinsi ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa. Nyie mnaofuga mshajua naelekea wapi. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, kwa sababu hiyo chungwa na hiyo nyeusi zinatoka kwenye kromosomu ya X na kuvaa zote mbili kwa pamoja inabidi uwe na X mbili, yaani uwe jike, dume kwa kawaida ana moja tu, dume wa hivyo ni nadra mno, ukimpata piga picha. Nikamgeuza Prinsi kwa adabu zote. Prinsi ni bibi. Na tumbo lile, mi si daktari lakini paka anabeba mimba siku 63 mpaka 65 hivi na huyu zake zimeshaisha karibu zote. Hana usumbufu! Usumbufu wenyewe hajauzaa bado.

Halafu mtu ataniuliza eti sasa mna wangapi hapo. Idadi siitaji. Mtu mstaarabu haulizwi mshahara, haulizwi umri, na haulizwi paka. Nachoweza kusema ni kwamba tunahifadhi. Hatufugi, tunahifadhi kwa muda, mpaka wapate kwao, hiyo ndo kauli rasmi ya nyumba hii na mke wangu ameikariri hata ukimwamsha usiku. Wa kwanza kabisa tulipewa tukaambiwa ni wa muda tu, tukaona hakuna haja ya kusumbuka na jina, tukawa tunamwita Wamuda. Wamuda sasa ni mzee, meno ya mbele hana, anakoroma, ana upande wake wa kitanda, na mimi nina ukingo.

Wenye ujuzi wanasema maboksi ya mchanga ya kujisaidia yawe sawa na idadi ya paka, ongeza moja. Hiyo ongeza moja aliyeitunga alikuwa na paka mmoja, nawaambia. Kwetu tukifuata kanuni hiyo binadamu tutalala nje, na mchanga ule unavyotembea, unaukuta kwenye viatu, kwenye shuka, juzi niko kwenye kikao nimeingiza mkono mfukoni nitoe kalamu, mchanga.

Lakini hayo ni ya kila siku, ngoja niwape la mwenye nyumba. Mkataba wetu una mstari unasema mpangaji anaruhusiwa paka mmoja, aliuongeza mwenyewe kwa mkono pembeni, kwa roho nzuri kabisa enzi hizo. Sasa Jumapili moja simu inaita, "Kijana, napita hapo niangalie lile bomba." Bomba nimelilalamikia mpaka nimelizoea, nimeshaliwekea ndoo yake ya kudumu, leo ndo anapita. Na huyu mzee akisema napita ujue keshafika getini.

Mke wangu ni mtu wa vitendo. Alikusanya waliokusanyika, akaingia nao bafuni, akajifungia, akafungulia maji. Wakabaki watatu chini ya kochi wamegoma, wote wa milia ya kijivu, ndugu wa tumbo moja, kuwatofautisha mpaka uwaangalie pua kwa karibu. Nikasema Mungu si Athumani, watatu wenye sura moja ni sawa na mmoja mwenye mbio.

Mzee akaingia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Paka hajambo?"

"Hajambo, yule pale." Keshapanda juu ya kochi, katulia, mtoto wa watu.

Tukaenda jikoni kwenye bomba. Paka yuko juu ya friji. Mzee akamtazama, akageuka kutazama tulikotoka, akamtazama tena.

"Ana mbio huyu."

"Sana mzee. Anafanya mazoezi."

Tukapita chumbani eti aone kama maji yamepenya ukutani. Paka kalala katikati ya kitanda, chali, mdomo wazi, mate yanamtoka, usingizi ule wa mtu aliyeanza kulala tangu asubuhi. Mzee akasimama mlangoni muda kidogo.

"Na usingizi unamchukua haraka."

Nikamwambia mzee, hawa viumbe wanalala saa 12 mpaka 16 kwa siku, ukiwa na ratiba ya hivyo lazima ujiibie kila nafasi unayopata. Akaitikia kwa kichwa ila shingo haikukubali.

Hapo chafya zikaanza. Moja, mbili, macho yakawa mekundu, pua inamchuruzika. Mi nikaona nimsaidie kielimu. Nikamweleza kwamba watu wengi wanayasingizia manyoya, kumbe kinachowasha ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, akijilamba anajipaka mwili mzima, ikikauka inapeperuka, inakaa kwenye makochi na mapazia miezi hata kama paka mwenyewe keshahama. Naeleza vizuri tu, mzee kashika ukuta anasema, "Kijana, maji. Ninawe macho. Bafuni wapi?"

"Bafuni kuna mtu, mke wangu anaoga."

Na huko bafuni ikatoka nyaaau moja ndefu, ya msiba kabisa. Mzee akanitazama kwa jicho lililobaki.

"Anaimba," nikasema.

Ikajibiwa na nyingine, ya besi.

Inasemekana paka wakubwa wenyewe kwa wenyewe hawaliliani nyau sana, ile sauti ni ya kumwambia binadamu. Basi walikuwa wanamwambia binadamu wao, na hoja walikuwa nayo, maji yalikuwa yanawarukia. Kikaanguka kitu, ndoo nadhani, mke wangu akatamka neno ambalo tangu nimuoe sijawahi kulisikia mdomoni mwake, na mlango ukafunguka.

Wakatoka. Idadi nilishasema siitaji, ila mlango ulikaa wazi muda mrefu. Wametoka wembamba, wametoka wanene, katoka mmoja anachechemea, katoka yule asiye na sikio, wametoka wawili wanapigana na hawakuacha kupigana, wamepita katikati ya miguu ya mzee ngumi zinaendelea. Wamuda akatoka wa mwisho kwa heshima zake, akasimama katikati ya korido, akainua mguu mmoja juu, akaanza kujilamba pale ambapo mgeni hapaswi kuonyeshwa. Na wale watatu wa milia, badala ya kukaa kila mtu kwenye kituo chake, wakaja wote kwa pamoja kuangalia kulikoni, wakajipanga mstari. Mzee anahesabu kwa kidole, midomo inacheza, anakosea, anaanza upya.

"Mkataba," akasema, "unasema paka mmoja."

Mke wangu keshalowa, ana mkwaruzo kutoka kiwiko mpaka kwenye saa. "Shikamoo baba. Ni kweli, na wa kwetu ni mmoja. Hawa wengine ni wa watu."

"Watu gani?"

Akaanza kuwataja mmoja mmoja. Huyu wa yule dada wa juu, alisafiri. Hawa wawili wa mwalimu, alisema mpaka likizo iishe, likizo ya mwaka gani hakusema. Huyu mwenyewe kahama nyumba akasahau kitu kimoja tu, paka. "Na yule mweusi mkia mfupi ni wa kwako baba."

"Wa kwangu mimi?"

"Mama alimleta. Alisema kwako umepiga marufuku sababu ya chafya, tumshikie wiki moja."

Sijawahi kusikia kimya cha aina ile. Hata wale wapiganaji waliacha. Mweusi akaenda mpaka kwa mzee, akajisugua kwenye suruali, shavu hili, halafu lile, ambapo kwa wanaojua ni kwamba shavuni wana tezi za harufu na hapo alikuwa anaweka alama kwamba huyu mtu ni wa kwangu. Sikumweleza mzee. Elimu ya siku ile ilikuwa imetosha. Akapiga chafya za kuagia, akasema ataleta fundi wa bomba, akaondoka. Fundi hajaja. Kodi haijapanda wala haijashuka. Mama mwenyewe kapita majuzi, nikajua leo ndo anamchukua mtu wake, kumbe kaleta kopo la chakula, moja, akasema huu ni mchango wetu wa mweusi, na akanywa maji akaenda zake.

Wanaokuja kuchukua nao ni mtihani. Kuna aliyetaka wa macho ya bluu tu, nikamwambia watoto wa paka wote wanafumbua macho yakiwa bluu, baada ya wiki kadhaa rangi inageuka, chukua kwa roho nyeupe. Kachukua. Karudisha, eti macho yamebadilika. Mwingine alitaka asiyejikuna, asiyepanda juu ya vitu na asiyetoa sauti, nikamshauri anunue mto.

Wageni wanaomwaga maziwa kwenye sahani eti paka anapenda maziwa, wengi wakishakua tumbo lao haliyawezi, mgeni anarudi kwake mimi nabaki na matokeo. Na tafadhalini sana, yule jirani aliyetaka kumpa paka nusu kidonge cha parasetamo kwa sababu "anaonekana ana homa", hiyo dawa inaua paka, hata kidogo inaua, nilimpokonya mkononi na urafiki wetu haujarudi vizuri mpaka leo na wala sijutii.

Ila kinachonitoa kwenye reli kwa kweli ni hili la kuhasi. Nikimwambia mtu mpeleke jike wako kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi ananitazama eti mimi ndo katili, masikini wa Mungu mwache afurahie ujana wake. Ujana upi, paka jike anaweza kushika mimba ana miezi minne tu, bado mwenyewe mtoto, anazaa, kabla hajamaliza kunyonyesha keshashika nyingine, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba tofauti tofauti kwa hiyo hata wa kumdai matunzo humjui. Kumpeleka kwa daktari asubuhi moja ni ukatili, ila kuwatia wanawe kwenye boksi la tivii na kukimbia gizani ni huruma? Na unarudi kwako unalala! Mimi saa tisa usiku niko macho na bomba la sindano nanyonyesha kitu kisichozidi kiganja, kila baada ya masaa machache, na kesho kazini naulizwa mbona umechoka, niseme nini, niseme nina watoto wachanga? Nilishasema. Walinichangia nepi.

Eti kuna kisiwa cha Kupro huko, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la kama miaka 9,500 iliyopita, mtu kazikwa na pembeni yake kabisa kazikwa paka, habari ikatangazwa 2004. Wataalamu wakasema huo ni ushahidi wa mapenzi ya zamani kati ya mtu na paka. Mimi niliposoma nilimhurumia yule marehemu. Aliambiwa ni wa muda tu.

Sasa Prinsi keshaingia kabatini, kachagua mashati yangu meupe, anayakanyagakanyaga hayo kwa miguu ya mbele, dalili ninayoijua. Nikamuomba mke wangu amhamishie kwenye boksi la kuzalia, boksi zuri, lina blanketi, akaniambia mwache, ameshachagua. Mashati ni yangu lakini sikuulizwa. Nimevaa fulana ya mpira kazini leo.

Na jambo jingine, kile kikapu changu cha kubebea paka chenye mlango wa waya, aliyekiazima anajijua. Nina dume wa kumpeleka chanjo ya kichaa cha mbwa, huyo yule wa besi, na bila kikapu itabidi nimfunge kwenye taulo nimbebe mkononi ndani ya basi, mara ya mwisho dereva alitushusha. Uliniambia unampeleka paka kwa shangazi yako. Juzi nimepita kwako nimekiona uani kina kuku ndani, mlango hata haujafungwa na kuku wala hana mpango wa kutoka. Nakitaka kabla ya Jumatano. Na kioshwe.