Nimelipa Mtoto Akafue Maji

Jamani, mimi si bahili. Lakini marehemu baba yangu alikuwa baharia, na kwetu kupandishwa mashua ilikuwa adhabu. Umevunja sahani ya wenyewe? Haya, alfajiri twende ukafue maji, uyachote yanayoingia chomboni uyamwage nje. Leo hela za tuktuk nimezipeleka kambi ya likizo ya Agosti, ya mashua na sayansi ya bahari, huku Mtwapa, ili mwanangu akafue maji. Na risiti nimepewa.

Karatasi aliileta mama watoto. Kofia, viatu vya maji, miwani ya kuzamia, mafuta ya kuzuia jua. Mafuta ya kuzuia jua! Mtoto kazaliwa Kisauni, jua ndilo lililomlea.

Wazazi tukaambiwa siku ya kwanza tushinde nao. Basi chombo chenyewe mngekiona! Wanakiita Optimist, mita 2.36, pua butu kama karai la kuogea. Eti Mmarekani mmoja alikibuni kwa ajili ya watoto, Florida, mwaka 1947. Nilipotia mguu tu kikalalia ubavu, na mwalimu, kijana hata ndevu hazijakaza, akanishusha mbele ya halaiki: "Mzee, wewe tushikie kamba." Nikashika kamba. Mwanangu, ambaye akitumwa chumvi hujifanya hajui duka liko wapi, sasa ananisomea upepo: huku joshi, upepo unakotoka, huku demani, unakoelekea, hii ni kusi, kurudi tutapiga bisho, yaani tukate kombokombo dhidi ya upepo. Nani alimuuliza?

Maji yalipokupwa wakaingia kwenye sayansi. Wakatoa kidude cha kupimia chumvi ya bahari: gramu kama 35 kwa lita. Mimi ningeonja tu, tena bure. Pweza, wakasema, ana mioyo mitatu. Mimi huu mmoja wenyewe haujamaliza mkopo wa tuktuk. Kisha mwalimu akaokota jongoo bahari, akaeleza, uso mkavu, kwamba huyu hupumulia makalioni. Mama mmoja wa buibui akajiziba mdomo. Mimi nikatazama juu, kutafuta ndege.

Lakini lililoniponza ni la pono. Pono hutafuna matumbawe, akayasaga, yakatokea nyuma yakiwa mchanga. Yaani ule mchanga mweupe wanaoupiga picha wageni, sehemu kubwa ni choo cha samaki! Hilo lilinifurahisha, nikacheka sana, sikujua linanifuata nyumbani.

Jioni mama watoto kapika nini? Pono wa kupaka. Nimeshakunja mikono ya kanzu, nimeshasema bismillahi, mtoto akaanza: "Baba, huyo ukimla, mchanga nani atatengeneza?" Nikamwambia wako wengi. Akalia. Mamake akainua sahani, akaifunika, akaniangalia kama mimi ndiye niliyemvua.

Nimekula wali na kachumbari. Sasa nawaomba walimu, kwa hisani yenu, semeni mapema kesho mnasomesha samaki gani. Kama ni changu, nimnunue leo nimle peke yangu, mtoto kalala.