Kama ni kusamehewa, asamehewe mkulima wa karafuu

Kila mjadala wa sheria ya ushindani, ile inayozuia ukiritimba na kupanga bei, unapozuka, hakosekani wa kusema kuwa sekta fulani ni nyeti, isamehewe, isiguswe. Kwetu Pemba sekta hiyo ni karafuu. Mnunuzi ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoanzishwa 1968, na ukimuuzia mwengine hiyo ni magendo.

Hoja ya wanaoutetea utaratibu huu siidharau. Mikarafuu mwaka huu huelemewa, mwaka unaofuata ikakupa kiganja, na bei ya dunia nayo haitulii. Mnunuzi mmoja anakupa bei unayoijua kabla hujatafuta wachumaji. Ukifungua soko ovyo, anakuja mlanguzi kununua karafuu zikiwa bado mtini, kwa mwenye shamba aliyebanwa na ada ya skuli.

Lakini tazama magendo yenyewe. Bei ilipokuwa duni, magunia yakivushwa usiku kwenda Kenya, na doria za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, hazikuyamaliza. Serikali ya Dk. Shein ilipoamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo yakapungua. Kwa maoni yangu, ZSTC haikuwahi kukosa mshindani. Alikuwa ng'ambo ya bahari, hana leseni, na yeye ndiye aliyeibana ilipe vizuri.

Wala hili si jipya. Mwaka 1937 Waingereza walikikabidhi biashara ya karafuu chombo kimoja, wakakiita chama cha wakulima ingawa kilikuwa cha serikali. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, India iliyokuwa mnunuzi mkubwa ikawaunga mkono, na 1938 serikali ikalazimika kukaa nao kitako.

Marekani walianzia upande wa pili, wa muuzaji. Sheria yao ya 1922 inawaruhusu wakulima kuungana na kuuza pamoja bila kushtakiwa kwa kupanga bei; wakipandisha bei kupita kiasi, Waziri wa Kilimo ana uwezo wa kuingilia. Msamaha kapewa mnyonge, na jicho juu yake. Huo naukubali. Wakulima wa Wete na Mkoani wakikaa pamoja wakasema chini ya bei hii hatuuzi, asije mtu kuwaambia wanaua ushindani.

Mnunuzi pekee ndiye wa kubanwa kwa maswali. Umoja wa Ulaya uliyapa makampuni ya meli za makontena msamaha wenye muda maalumu, ukawa unapitiwa upya, na Aprili 2024 ukaachwa ukaisha. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani tangu 2018. Basi kila baada ya miaka 5 ZSTC iweke hesabu hadharani: imeuza nje kwa bei gani, mkulima kapata ngapi, na kilichobaki katikati kimefanya kazi gani. Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yaingizwe humo humo, maana mafuta yanayokamuliwa kiwandani pale Wawi nayo yanatoka kwenye mikarafuu yetu.