Lebo ya picha ikae ndani ya picha

Wanaotaka kupanga picha zao za simu na kompyuta karibu wote huanza na swali moja: nitumie programu gani? Naona swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza kuuliza ni hili: nikishaandika kwamba huyu aliyesimama kushoto ni mjomba, maandishi hayo, yaani lebo ya picha, yanakaa wapi? Yamo ndani ya faili ya picha, au yako kwenye programu tu? Jibu lake ndilo linaloamua kama kazi yako itakuwepo ukibadilisha simu, achilia mbali miaka ishirini ijayo.

Picha za karatasi hazikuwa na shida hii. Mtu aliigeuza picha, akaandika nyuma jina na mwaka, basi. Hata ikitolewa kwenye albamu na kupewa ndugu mwingine, maandishi yanakwenda nayo. Picha za kidijitali nazo zinaweza hivyo hivyo, ila mara nyingi programu haifanyi mpaka uiambie.

Uwezo wenyewe ni wa siku nyingi. Vyombo vya habari viliuhitaji mapema, kwa sababu picha ikitumwa kutoka chumba kimoja cha habari kwenda kingine, jina la mpigapicha na maelezo ya tukio lazima yasafiri nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 IPTC, baraza linaloweka viwango vya kubadilishana habari, likatoa utaratibu wa kuyabeba maelezo hayo. Mwaka 2001 kampuni ya Adobe ikaleta XMP, utaratibu mwingine wa kuandika maelezo ndani ya faili, na mwaka 2012 XMP ikawa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. Faili ya kawaida kabisa ya JPEG, aina inayotumika kwa picha nyingi, ina nafasi ya maandishi haya. Ukiitazama picha huyaoni, lakini programu yoyote inayofuata viwango hivyo itayasoma.

Fikiria yaliyowapata watumiaji wa Picasa, programu ya kupanga picha. Google waliinunua mwaka 2004, watu wengi wakaizoea, na mwaka 2016 ikasitishwa. Lebo na maelezo ambayo watu waliyaandika kwenye picha za JPEG yalikuwa ndani ya faili, kwa hiyo yalihama nazo. Albamu, ambazo pengine ndizo zilizokula muda zaidi, zilihifadhiwa pembeni kwa namna ya Picasa yenyewe. Picha zilibaki salama, mpangilio ukapotea. Hata leo hali ni ile ile. Lightroom, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, huweka lebo kwenye katalogi yake mpaka uiagize iziandike kwenye faili. Ukipakua picha zako kutoka Google Photos kwa kutumia Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, sehemu ya maelezo huja katika faili za JSON, yaani faili za maandishi, zilizo kando ya picha, na kuyarudisha ndani ni kazi nyingine. Picha za RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyozinasa, nazo kwa kawaida hubebewa lebo na kifaili cha .xmp kilicho pembeni. Ukihamisha picha ukakisahau, lebo umeziacha.

Kwa hiyo kabla hujatia lebo picha elfu, jaribu kwa moja. Iandikie lebo, inakili kwenye kompyuta nyingine, ifungue kwa programu tofauti. Kwenye Windows unaweza kubofya faili kwa kitufe cha kulia, ukaenda kwenye sifa zake na kutazama kama lebo ipo. ExifTool, programu ya bure ya kusoma maelezo ya faili, itakuonyesha kila kilichoandikwa ndani. Kama lebo haipo, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuamuru iandikwe kwenye faili. Ukikosa mahali hapo, badilisha programu. Mimi napendelea digiKam, ambayo pia ni ya bure na inakupa uamuzi huo waziwazi.

Sasa, uandike nini? Hapa ndipo naona juhudi nyingi zinapotea. Watu hutia lebo kama "2019", "Desemba", "bahari", "machweo", "mbwa". Tarehe na saa kamera imeshaziandika yenyewe. Utaratibu wa EXIF unaobeba habari hizo, pamoja na aina ya kamera na mara nyingine mahali picha ilipopigwa, upo tangu 1995. Bahari na mbwa programu za siku hizi zinavitambua zenyewe. Nguvu zako zitumie kwa yale ambayo mashine haiwezi kuyajua. Kwenye picha ya kiti kikuukuu cha mbao, programu itasema "kiti" na itakuwa sahihi. Wewe ndiye unayejua kwamba ni kiti cha babu, kwamba ndipo alipokaa kila jioni. Programu inaweza kukusanya sura zinazofanana, na hilo linasaidia sana, lakini jina utalitoa wewe, na wadogo kwa wakubwa waliofanana itawachanganya.

Kwenye majina kuna mtego mmoja ambao nauona kila mahali. Mtu anaandika "Mama", "Shangazi", "Babu". Kwake yeye ni wazi. Mwanawe atakapoufungua mkusanyo huo, "Mama" ni nani? Mama wa aliyeandika, yaani bibi yake, au mama yake mwenyewe? Na mashangazi wako wangapi? Andika jina kamili kama lebo, na uhusiano uweke kwenye maelezo ya picha: fulani, dada wa fulani. Ni maneno machache zaidi, na yanamfaa yeyote atakayeipata picha hiyo.

Lebo zenyewe ziwe chache na za tahajia moja. Ukiandika "harusi" leo, "ndoa" kesho na "Harusi ya kaka" keshokutwa, utafutaji utakupa sehemu tu ya picha zako. Mimi nina mafungu matatu tu, watu, mahali na tukio, na sioni haja ya la nne. Ila kuna lebo moja ambayo ningemsihi kila mtu awe nayo: "hajulikani". Kila picha yenye mtu usiyemjua, itie lebo hiyo. Ukikutana na mtu mzima wa ukoo, unaiita mara moja na picha zote zenye maswali zinakuja mbele yake pamoja. Akitaja jina, unaliandika na kuiondoa lebo.

Kuna upande mwingine wa maandishi haya yanayosafiri. Mwaka 2012, jarida la Vice lilichapisha mtandaoni picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alipokuwa anawakwepa polisi wa Belize, na data ya GPS iliyokuwa ndani ya picha ikaonyesha kwamba yuko Guatemala. Majina ya watoto na mahali unapoishi yasitoke nje ovyo. Weka nakala kamili nyumbani, na ukitaka kuweka picha hadharani, toa nakala iliyofutwa maelezo. Programu nyingi zina chaguo hilo wakati wa kutoa nakala. Kwa upande mwingine, ukituma picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, maelezo hayo huondolewa na ubora hupungua. Picha unayotaka kuhifadhi, omba utumiwe kama dokumenti.

Kuhusu pa kuanzia, wengi huanza na picha mpya kwa kuwa ziko mkononi. Nadhani zinaweza kusubiri. Zina tarehe, na watu waliomo unawajua na utaendelea kuwajua kwa muda. Anza na zile za zamani zilizoskaniwa kutoka kwenye karatasi. Tarehe iliyo ndani yake mara nyingi ni ya siku ya kuskani, kwa hiyo irekebishe, hata kama unaujua mwaka tu. Skani na upande wa nyuma kama una maandishi, kisha uyanakili neno kwa neno kwenye maelezo. Halafu kaa na wazee wanaowajua watu hao, kompyuta ikiwa mbele yenu, mkuze picha mpaka sura ionekane vizuri, na uandike papo hapo wanapozungumza badala ya kutegemea kukumbuka baadaye. Wakitofautiana kuhusu mtu mmoja, kila mmoja akitaja jina lake, ninayaandika majina yote mawili kwenye maelezo, na nani kasema lipi, na lebo ya "hajulikani" ninaiacha ilipo.