Jina liko New York, nyumba iko Chicago

Ngazi ya heshima ya majiji ya Marekani anaijua hata mtu ambaye hajawahi kujaza fomu ya viza. New York iko juu, peke yake. Chini yake zinabanana Los Angeles kwa sinema zake, San Francisco kwa kampuni za kompyuta, Washington kwa sababu ya serikali, Boston kwa vyuo vyake, na siku hizi Miami, yenye jua lake katika jimbo lisilotoza kodi ya mapato. Chicago hutajwa mwishoni, tena na "lakini" yake: kubwa lakini ya baridi, nzuri lakini ya risasi. Tangu sensa ya 1890, ilipoipita Philadelphia, ilikuwa ya pili kwa wingi wa watu nchini. Sensa ya 1990 ikaikabidhi Los Angeles nafasi hiyo, na lile jina la Jiji la Pili likabaki la kurithi tu.

Wanaoitetea ngazi hii si wapuuzi. Watafiti wanaoyapanga majiji ya dunia kwa uzito wa biashara zake wamekuwa wakiyaweka mawili tu katika daraja la juu kabisa, London na New York. Soko la hisa, Umoja wa Mataifa, wachapishaji, majumba ya sanaa, mitindo, vyote viko vituo vichache vya treni kutoka kimoja hadi kingine. Kijana anayetaka kazi ya fedha za kimataifa akikaa pengine, atatumia muda mwingi kueleza kwa nini hayuko New York. Mwaka 2022 ukawaongezea hoja: Boeing ilitangaza kuhamishia makao makuu yake Virginia, na Citadel, kampuni ya uwekezaji ya bilionea Ken Griffin, ikatangaza kuhamia Miami. Mwaka huohuo kodi ya kawaida ya fleti Manhattan, katikati ya New York, ilivuka dola 4,000 kwa mwezi, na wapangaji hawakuacha kupanga foleni. Kizuri chajiuza, wanasema.

Kete yao kubwa, hata hivyo, ni sensa. Mwaka 1950 Chicago ilikuwa na watu 3,620,962. Mwaka 2020 walihesabiwa 2,746,388. Wamepungua karibu 875,000, na jiji linalopendwa, wanatuambia, halikimbiwi namna hiyo.

Takwimu hiyo nimeigeuza kila upande, na naona inasema machache kuliko inavyodaiwa. Chukua Manhattan yenyewe, kitovu cha heshima yote hii. Mwaka 1910 kisiwa hicho kilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.3. Mwaka 2020 walikuwa milioni 1.69. Kimepoteza zaidi ya watu 600,000, yaani asilimia 27 ya kilele chake, wakati Chicago imepoteza asilimia 24 ya kilele chake. Sijawahi kumsikia mtu akisema Manhattan haipendwi.

Kilichotokea kinajulikana. Mwanzoni mwa karne iliyopita familia za wahamiaji zililala watu wanane chumba kimoja, wengine wakiwa wapangaji wa wapangaji. Treni ya chini ya ardhi ilipofunguliwa mwaka 1904 na njia zake kuzidi kurefuka, waliopata nafuu walihamia Bronx na Brooklyn. Leo vyumba vya wale wanane anakaa mtu mmoja na kompyuta yake. Upande wa kaskazini wa Chicago nako imekuwa hivyo. Zile nyumba za matofali za ghorofa mbili au tatu, zilizojengwa ili kila ghorofa ikae familia yake, zimenunuliwa na wenye fedha na kugeuzwa nyumba ya familia moja. Idadi ya watu mtaani inashuka huku thamani ya mtaa ikipanda. Karani wa sensa ataandika kwamba watu wamepungua, na dalali wa mtaa huohuo atakwambia hapashikiki.

Upande wa kusini na magharibi habari ni nyingine, na ni ya uchungu. Mwaka 1980 Chicago ilikuwa na wakazi Weusi karibu milioni 1.2. Mwaka 2020 hawakufika 800,000. Hawa hawakuondoka kwa sababu mtu alibomoa ukuta apate sebule kubwa. Viwanda vya chuma vilivyowalisha wazazi wao vilifungwa, kimojawapo cha vile vikubwa vya kusini, South Works, kikazimwa mwaka 1992. Mwaka 2013 jiji likafunga shule zipatazo 50 kwa mpigo, nyingi zikiwa katika mitaa yao. Wengine walihamia viunga vya jiji, wengine Atlanta na Houston, kwenye ule Kusini wa Marekani ambao babu na bibi zao waliukimbia. Kwa hiyo ndani ya namba moja mmefungwa hadithi mbili, ya matajiri waliotanuka na ya maskini waliosukumwa. Kuzijumlisha zote na kuziita kura ya kuikataa Chicago ni hesabu mbovu.

Hoja ya bei nayo ina tundu. Bei inapanda kwa sababu wengi wanataka kitu, ni kweli, lakini inapanda pia kwa sababu kitu hakiongezwi. San Francisco, kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya ardhi ya makazi ilitengwa kwa nyumba za familia moja au mbili tu, na jirani aliyechukizwa na kivuli aliweza kuuchelewesha mradi wa ghorofa miaka na miaka. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. San Francisco wajenzi wapo, kilichokosekana ni kibali. Nyumba ya kawaida huko ikipita dola milioni 1, tunaambiwa hiyo ndiyo alama ya jiji linalotamaniwa. Mimi naona pia alama ya jiji lililofunga mlango kisha likasifiwa kwa urefu wa foleni nje. Chicago, kinyume chake, inadharauliwa kwa kuwa inafikika. Fleti ya chumba kimoja cha kulala, karibu na kituo cha treni, bado hupatikana huko kwa chini ya nusu ya zile dola 4,000.

Na anayelipa nusu hiyo hapewi nusu ya jiji. Njia mbili za treni, ile nyekundu na ile ya bluu, hutembea saa 24, na ya bluu inakufikisha hadi uwanja wa ndege wa O'Hare. Familia inaweza kuishi bila gari, jambo ambalo Houston au Los Angeles ni adhabu. Kisha kuna ufuko. Mfanyabiashara Montgomery Ward alikwenda mahakamani mara kwa mara, kuanzia 1890 hadi 1911, ili bustani ya Grant Park mbele ya ziwa isijazwe majengo, akachukiwa sana na wakubwa wenzake. Leo njia ya miguu na baiskeli inafuata Ziwa Michigan kwa kilomita 29 hivi, na karibu ufuko wote wa jiji ni mali ya umma. Malibu, kule California, wenye nyumba za kifahari wamepambana kwa miaka kuzuia vichochoro vya kufikia bahari iliyo mali ya umma kisheria. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kuzungushwa na ukuta wa hoteli ili tu aguse maji ya chumvi atajua lipi kati ya hayo mawili ni fahari.

Utamaduni sitauongelea sana. Muziki wa house ulipata jina na sura katika klabu ya Warehouse ya Chicago, mikononi mwa DJ Frankie Knuckles. Kutoka huko ulivuka hadi Afrika Kusini, ukazaa kwaito na baadaye kuchangia amapiano inayopigwa leo kwenye harusi zetu. Na ni katika barabara za Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, ambapo Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kwa saa 2:00:35 na kuweka rekodi ya dunia. Barabara hizo ni tambarare, wanariadha wanazijua.

Sasa risasi. Mwaka 2024 Chicago ilihesabu mauaji 573. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, St. Louis, New Orleans na Memphis zimekuwa na hali mbaya zaidi, na mwaka 2021 Chicago yenyewe ilikaribia 800, kwa hiyo mwelekeo ni wa kushuka. Watetezi wa Chicago huishia hapo. Hawapaswi. New York, yenye watu mara tatu, mwaka huohuo wa 2024 ilikuwa na mauaji 377. Hilo haliwezi kufunikwa kwa kusema "ni upande wa kusini tu". Upande wa kusini wanaishi watu.

Kuna namba nyingine inayoniumiza zaidi, kwa sababu inagusa watoto. Mwaka 2014 mchumi Raj Chetty na wenzake walifuatilia watoto wa Kimarekani waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika familia za moja ya tano ya chini kwa kipato, waone wangapi walifika moja ya tano ya juu. Eneo la San Francisco lilitoa asilimia 12.2, New York 10.5, Chicago 6.5. Watoto wa Chicago walikua viwanda vya chuma vikifungwa, katika jiji lililotenganisha watu kwa rangi kuliko karibu jingine lolote nchini, na ndivyo ninavyoielewa tofauti hiyo. Muuguzi anayefika leo kutoka Nairobi na leseni yake mkononi hayuko katika hali yao. Lakini mtoto wake atasoma shule za jiji hilohilo, na hapo mizani inarudi upande wa New York kwa kiasi ambacho siwezi kukipuuza. Muuguzi huyohuyo, kwa kweli, angelipwa zaidi California, ingawa sehemu kubwa ya ziada hiyo ingeishia kwa mwenye nyumba.

Ndugu zetu waliokwenda wamelijibu swali hili kwa namna yao. Waswahili wa Kongo waliopewa hifadhi wako wengi Louisville na Columbus, Wakenya wamejaa viunga vya Minneapolis na Dallas. Picha za kutuma nyumbani hupigwa Times Square, mkataba wa pango husainiwa kwingine. Hakuna unafiki hapo. Jina la jiji ni mali, hufungua milango ya ajira na hata ya uchumba, ila halipunguzi kodi ya mwezi.

Kwa kijana asiye na familia, mwenye taaluma ya fedha, mitindo au uchapishaji, ningesema aende New York na abanane. Kwa wengine wengi nadhani Chicago inaonewa, na itazidi kuonekana hivyo. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, 2023, Phoenix, jiji la jangwani Arizona, ilipitisha siku 31 mfululizo za joto la zaidi ya nyuzi 43. Mwaka huohuo kampuni ya bima ya State Farm iliacha kuandikisha wateja wapya wa nyumba California, na Januari 2025 moto ukala mitaa mizima Los Angeles. Chicago ina ziwa la maji yasiyo na chumvi mlangoni, na mkataba wa 2008 wa majimbo ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini unazuia maji hayo kuvutwa kupelekwa jangwani.

Kinachonitia wasiwasi kwa Chicago ni vitabu vyake vya hesabu. Mifuko ya pensheni ya watumishi wa jiji ina pengo la zaidi ya dola bilioni 30, na mwaka 2008 viongozi wake waliuza mapato ya mita za maegesho ya magari kwa wawekezaji kwa miaka 75, kwa takribani dola bilioni 1.15 zilizotumika karibu zote ndani ya miaka michache. Anayefikiria kununua nyumba huko asiulize kuhusu theluji, aulize bili ya kodi ya majengo.