Nyuzi 33 za nini?

Juzi mtangazaji wa hali ya hewa alitabasamu akasema: "Dar es Salaam, nyuzi joto 33." Basi, akahamia Mwanza. Mimi nimekaa sebuleni fulana imelowa, feni inazungusha joto lile lile, mtoto katoka harara shingo nzima. Asante kwa taarifa.

Nyuzi 33 za Dodoma unakaa chini ya mwembe, yameisha. Za Dar mwezi wa pili, jasho halikauki kwa sababu hewa imeshashiba maji, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Saa nane za usiku bati bado linatema joto.

Marekani kina Laurence Kalkstein, mtaalamu wa hali ya hewa, waliligundua hili zamani. Hawakuuliza joto lilikuwa ngapi, waliuliza siku ilikuwa ya aina gani. Wakachanganya joto, unyevu, upepo, mawingu na kanieneo ya hewa, wakazipanga siku kwa makundi: kavu ya joto kali, nyevu ya joto, kavu ya baridi na nyinginezo. Kisha wakazilinganisha na daftari za vifo. Kumbe ni makundi machache tu yanayoua, na joto la mwanzo wa kiangazi huua kuliko lile lile likija baadaye, miili ikishazoea. Jiji la Philadelphia likaanza kutoa tahadhari kwa mtindo huo mwaka 1995, majirani wakawa wanawagongea wazee milango. Inakisiwa watu 117 waliokolewa hadi 1998. Mwaka huo huo wa 1995, joto la Julai liliua zaidi ya 700 Chicago.

Na sisi? Bibi yangu wa Pangani hakujua nyuzi ni nini. Alisema "kaskazi imekaza", akahamishia mkeka barazani. Kipupwe kikiingia, watoto wote fulana nzito. Aina za siku tunazo tangu enzi za majahazi, tukazitupa tukabaki na namba moja ya kwenye runinga.

Haya, nakubali shingo upande: mfumo wa Kalkstein ulitengenezewa nchi ambako hewa hubadilika ghafla, siyo Dar ambako Februari nzima ni siku moja ndefu. Tena unahitaji daftari za vifo zinazoaminika. Mwaka jana mzee jirani yetu alikutwa asubuhi kitandani, chumba cha bati, dirisha kalifunga kwa kuogopa wezi. Tukasema presha. Hakuna aliyeandika popote. Tukamzika saa kumi, jua bado kali, na usiku taarifa ya habari ikasema nyuzi 32.