Kifungu cha 95 na mwalimu anayeogopa kuonekana kimbelembele

Mwezi wa pili Dar es Salaam joto halimhurumii mtu. Mtoto wa darasa la tatu akivaa sweta siku nne mfululizo, mwalimu lazima ajiulize. Rafiki yangu, anayefundisha shule moja ya msingi huku Temeke, alijiuliza. Wakati wa uji akamwita pembeni, akaipandisha mikono ya sweta, akakuta michirizi ya waya, mingine imeshakauka na mingine bado mibichi. Mtoto akasema ameanguka. Akaitwa mama. Alikuja amejitanda khanga, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nashukuru mwalimu, tutayamaliza nyumbani." Wiki iliyofuata mtoto hakuonekana shuleni.

Nilipomuuliza kwa nini hakwenda serikali ya mtaa, alinijibu: "Wangesema najitia kimbelembele. Mimi ni nani yake?"

Swali hilo sheria yetu ilishalijibu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Si lazima awe ndugu, wala haachiwi achague kama anapenda. Hata hivyo, kila mjadala kuhusu wajibu huu ukianza, wengi huuona kama rungu: serikali inawageuza majirani kuwa wachongezi, inaingiza mkono chumbani kwa watu.

Wanaoupinga wana hoja, na si hoja nyepesi. Marekani ndiko sheria za namna hii zilikoenea kwa kasi baada ya daktari C. Henry Kempe na wenzake kuandika mwaka 1962 kuhusu watoto wanaoletwa hospitali wamepigwa na wazazi wao. Kufikia 1967 majimbo yote yalikuwa nazo. Leo taarifa ni nyingi kupita kiasi. Watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba asilimia 37 ya watoto wa huko huchunguzwa na ustawi wa jamii kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa watoto weusi ni asilimia 53. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo haithibitishi kosa lolote. Hizo ni familia nyingi mno zilizogongewa mlango, na maskini ndio hugongewa zaidi.

Huku kwetu hofu hiyo ina sura. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri, akamwachia binti wa miaka tisa wadogo zake wawili, amewatelekeza? Jirani mwenye kinyongo cha bili ya maji anaweza kusema ndiyo. Lakini kisome kifungu chenyewe. Kinapotaja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kinamzungumzia mzazi au mlezi anayeweza kuvitoa ila anakataa au anapuuza. Neno "anayeweza" ndilo linalomkinga yule mama wa Feri. Tatizo ni kwamba wengi wetu kifungu tumekisikia tu, hatujakisoma.

Na kuna hesabu ambayo kila nikiirudia hainitoki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya miaka 18. Ipeleke hesabu hiyo kwenye darasa lenye wasichana 30 na wavulana 30. Wasichana wanane au tisa. Wavulana wanne. Sasa wahesabu watu wazima wanaopita karibu yao kila siku: mwalimu, nesi wa zahanati, ustadhi wa madrasa, mwenye nyumba, dereva wa bajaji anayewapeleka shule. Katika nyumba zetu za kupanga, vyumba sita vinagawana korido na choo kimoja, na kikohozi cha chumba cha mwisho kinasikika cha kwanza. Siamini kwamba hakuna anayesikia. Wanaosikia wapo, ila kila mmoja anasubiri mwenye haki zaidi ya kusema.

Hapo ndipo naona wajibu wa kisheria umeeleweka vibaya. Mwenye hiari akienda kutoa taarifa amechagua kumshitaki jirani yake, na mtaa mzima utamhesabia hivyo. Mwenye wajibu ana la kujitetea: sheria ndiyo iliyonituma, ningenyamaza ningekuwa na kosa mimi.

Udhaifu wa sheria yetu uko kwingine. Taarifa inakwenda mtaani kulekule, kwa watu wanaoswali au kucheza bao na mtuhumiwa. Afisa ustawi wa jamii akishaipokea, anamwita mtuhumiwa wazungumze. Hilo linafaa kwa baba asiyenunua daftari, si kwa anayechapa kwa waya, huku mtoto akirudi kulala nyumba ileile. Ndiyo maana namba 116, simu ya msaada kwa mtoto ambayo haitozi hela, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi vina uzito: vinamtoa mtoa taarifa machoni pa mtaa. Kila nesi na kila mwalimu anapaswa kuelezwa hayo siku ya kwanza kazini.

Miezi mitatu baadaye rafiki yangu alikutana na yule mama sokoni Tandika. Mtoto alikuwa amepelekwa kwa bibi yake, Kilwa. Mama akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, siku ile niliomba Mungu uende wewe. Mimi ningesema nini, na chumba analipa yeye?"